Vilasini na Darasa Lisilouliza

Chupa ya mafuta ya nazi ndiyo iliyomfahamisha Vilasini kwamba yuko mbali na kwao. Kule Ezhikkara, kusini mwa India, mafuta hayo humiminika karibu mwaka mzima. Ukiinamisha chupa tu yanakuja. Huku Urgench yaliganda mapema, kabla hata miti ya kando ya mfereji haijamaliza kupukutisha majani, yakawa meupe na magumu kama nta. Kila asubuhi ilimbidi aisimamishe chupa juu ya bomba la joto chini ya dirisha, aandae chai, angoje. Aliisemesha chupa kama anavyomsemesha mwanafunzi mvivu.

"Haya, amka. Wenzako wote wameshafika darasani."

Mafuta yakilegea alipaka nywele zake zilizochanganyika na mvi, akasuka msuko mmoja, akajifunga sari, juu yake koti zito, chini yake buti zenye manyoya, akatoka. Wanawake wauza mikate wa pale kwenye kona walishamzoea. Siku za mwanzo walimkodolea macho, sasa walimkemea.

"Mwalimu, shingo hiyo! Funga skafu! Unataka tukuzike ugenini?"

"Ninyi mnazika, sisi tunachoma," alijibu siku moja kwa Kiuzbeki chake cha kuokoteza. "Mkinichoma angalau nitapata joto."

Walicheka hata mmoja wao akaangusha mkate, akauokota haraka, akaubusu na kuuweka kwenye paji la uso, huku bado anacheka. Vilasini alikwenda kazini siku hiyo akiwa na furaha ya mtu aliyesikika. Ndicho kitu kilichokuwa kikimkosesha usingizi: darasani hakuwa na hakika kama anasikika.

Maisha yake yote alikuwa mwalimu wa udongo, na udongo wake ulikuwa udongo wa chumvi. Alizaliwa mahali ambapo chumvi huja na kuondoka kama mgeni anayejulikana. Nusu ya mwaka maji ya bahari huingia mashambani, watu wakafuga humo kamba. Mvua kubwa zikija, chumvi huoshwa na mpunga ukapandwa palepale. Baba yake alikuwa mlinzi wa lango la maji. Alichovya kidole, akaonja, kisha akasema "fungua" au "funga", na kijiji kizima kikafuata ulimi wake. Vilasini alijifunza kuonja kabla ya kujifunza kusoma. Alipokuwa mhadhiri chuoni, wanafunzi wake walimtania kwamba ana maabara mdomoni.

Kisha sheria ya utumishi ikamstaafisha. Walimpa shada la maua, saa ya ukutani na hotuba ndefu iliyomfanya ajione kama marehemu aliyehudhuria msiba wake mwenyewe. Alirudi nyumbani kwa mumewe, Divakaran, mtu mpole mwenye shamba na kamba zake, akaanza kupima chumvi ya maji ya shamba kila asubuhi na kila jioni. Baada ya miezi kadhaa Divakaran akamwekea gazeti mbele yake.

"Kuna chuo kikuu huko Urgench, mkoa wa Khorazmu, wanatafuta mhadhiri wa udongo wa chumvi. Nenda."

"Unanifukuza, bwana wee?"

"Nawaokoa kamba wangu. Ukibaki hapa utawatungia mtihani."

Ndivyo alivyofika Urgench, mwezi wa Septemba, pamba ikiwa imefumuka mashambani na matikiti yakiwa yamerundikwa kando ya barabara. Mkuu wa idara, Bwana Matniyoz, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, alimpokea kwa chai na kumweleza mambo bila kuzunguka.

"Mkataba wako ni wa mwaka mmoja, Mwalimu. Masika utatoa somo la wazi. Mimi na kamati tutakaa nyuma, tutasikiliza. Tukiridhika, tutaongeza miaka mitatu."

"Na msiporidhika?"

"Tutakuvisha joho zuri la heshima, tutakupikia pilau, tutakusindikiza hadi uwanja wa ndege, tukilia."

Alisema hivyo kwa upole mkubwa, na Vilasini akajua kwamba joho hilo lipo kweli, limekunjwa kabatini mahali fulani, linamngoja. Kurudi nyumbani nalo kungekuwa kustaafu mara ya pili. Mara ya kwanza aliweza kuilaumu sheria.

*

Siku ya kwanza darasani, wanafunzi walisimama wote kwa pamoja alipoingia, wakaketi kwa pamoja aliporuhusu, kisha wakanyamaza. Alifundisha mpaka koo likakauka. Akauliza kama kuna swali. Hakuna. Kule India wanafunzi humkatiza mwalimu kabla hajamaliza kuandika tarehe ubaoni. Hubishana naye, hubishana wenyewe kwa wenyewe, na kengele ikilia humfuata mpaka mlango wa msalani wakibishana. Hawa walimtazama kwa heshima kama watu wanaotazama picha ya mzee aliyefariki.

Alidhani Kiingereza chake kinawashinda. Akawapa jaribio, wakajibu vizuri, neno kwa neno kama alivyosema yeye, hata mifano yake ya kamba wakaiandika, wao ambao hawajawahi kuona kamba. Akajaribu mzaha. Walitabasamu kwa adabu. Mwisho akajaribu uongo. Aliandika ubaoni, kwa herufi kubwa, kwamba chumvi haiyeyuki katika maji.

Wote wakaandika.

"Nimewadanganya!" alisema, akipiga ubao kwa kiganja. "Hakuna hata mmoja aliyeona?"

Kiranja wa darasa akasimama. Aliitwa Bekposha, msichana mrefu mwenye nyusi zinazokaribia kukutana, mtu wa kupanga mambo. Yeye ndiye aliyejua nani anaumwa, nani amesafiri na nani amelala bwenini akijifanya anaumwa.

"Tumeona, Mwalimu."

"Mbona hamkusema?"

Bekposha akatafuta namna ya kulisema jambo hilo bila kumuudhi mtu. "Mwalimu ni wewe."

Vilasini alilipeleka jibu hilo chumba cha walimu, kwa Oyjamol aliyekaa meza ya jirani. Oyjamol alifundisha magonjwa ya mimea, alikuwa na watoto wanne na kicheko kilichosikika ngazi nzima. Alimmiminia Vilasini chai, akasogeza kisahani cha vibonge vya sukari.

"Dada Vilasini, mtoto wa huku akimuuliza mwalimu swali mbele ya watu, maana yake amesema: mwalimu, hukueleza vizuri. Nani atathubutu? Mama yake akisikia atamchapa."

"Kwetu mwanafunzi asiyeuliza ndiye tunayemhofia."

"Basi huku wahofie wote, umalize."

Alijitahidi kubadilika, na sehemu kubwa alibadilika. Alijifunza kutomtaja mtu jina ghafla darasani, maana aliyetajwa aliiva uso mpaka masikio. Alijifunza kusalimia kabla ya kusema shida, na kuuliza hali ya wazazi kabla ya kuuliza kazi ya nyumbani. Alijifunza kula tambi za kijani za Khorazmu, akazipenda, akazinyunyizia pilipili ya kutoka kwao na kumfanya Oyjamol atokwe machozi. Maji yalipofunguliwa kwenda kuosha chumvi mashambani, mwishoni mwa baridi, aliwatoa wanafunzi wote hadi kijijini wakaona mashamba yamegeuka vioo, mbingu imelala humo. Pale alichota udongo, akaonja. Wasichana wakaziba midomo. Akamnyooshea kiganja kijana mmoja wa nyuma, Otaboy, mtoto wa mkulima wa pamba, ambaye tangu Septemba alikuwa hajasema zaidi ya "nipo" wakati wa kuitwa majina. Otaboy akatazama kulia na kushoto, akaonja, akakunja uso.

"Ikoje?"

"Chumvi, Mwalimu."

"Jamani, amezungumza! Mtu aandike!"

Walicheka wote, Otaboy pia, na njia nzima ya kurudi waliimba ndani ya basi. Lakini kesho yake darasani, alipouliza kama kuna swali, alipata kimya kilekile, safi kama shuka lililopigwa pasi.

*

Sikukuu ya Navruzi, ya mwaka mpya wa masika, ilipita. Siku ya somo la wazi ikabandikwa ukutani. Oyjamol akavuta kiti chake karibu.

"Haya dada, niambie. Watoto umewaandaa?"

"Nimewaandaa vipi? Nawafundisha kila wiki."

"Si hivyo!" Oyjamol alishusha sauti, ambayo hata ikishushwa ilifika dirishani. "Unawagawia. Huyu atauliza hili, yule atauliza lile, yule wa mbele mwenye uso mzuri atajibu. Mnarudia mara mbili tatu, mpaka mambo yaende kama maji."

"Huo ni mchezo wa kuigiza."

"Ndiyo! Na kamati ni watazamaji, na watazamaji wenyewe wameshaigiza zamani. Hakuna anayedanganywa. Ni heshima tu. Kwani bibi harusi wa kwenu hutoka bila kujipamba?"

"Hujipamba. Ila hatumtafutii mtu wa kumsemea 'nimekubali'."

Oyjamol aligonga meza kwa kicheko, kisha akaacha kucheka. "Dada yangu, sikiliza. Darasa lako ni bubu. Kamati wakikaa pale, wakaona umefundisha na hakuna mkono uliopanda, wataandika: mwalimu hajawasha darasa. Joho utalivaa."

"Basi nitalivaa. Nitarudi nalo na joto la kwetu, nife kwa jasho. Lakini swali la kupangiwa silitaki. Nimekaa hapa tangu Septemba nikingoja swali moja tu la kweli. Siwezi kwenda kulinunua dukani."

Aliposema hivyo aligeuka, akamwona Bekposha amesimama mlangoni na daftari la mahudhurio mkononi. Msichana aliliweka mezani kwa mikono miwili, akainama kidogo, akaondoka bila neno.

Siku zilizofuata, Vilasini alisikia minong'ono kwenye ngazi ambayo ilikatika kila alipotokea. Alipita dirisha la jiko la bweni akaona nusu ya darasa imezunguka sufuria, Bekposha akinyoosha mwiko kama askari wa barabarani. Alidhani wana mtihani wa mwalimu mwingine, akawahurumia.

Alipompigia simu mumewe, Divakaran alikuwa kando ya lango la maji. Vyura walisikika nyuma yake.

"Nimekuchongea kiti cha barazani," alisema. "Kina mikono mipana. Unaweza kuweka chai huku na miwani huku."

"Kikalie mwenyewe kiti hicho."

"Nimekijaribu. Kinazeesha." Kisha akasema kwa upole: "Fundisha tu kama unavyofundisha, Vilasini. Kamba wanakusalimu. Wamefaulu wote."

*

Mpango wa somo aliokuwa amewasilisha na kuutangaza darasani ulihusu mifereji ya kuondoa maji: aina zake, kina chake, gharama zake. Asubuhi ya somo lenyewe alikuwa ameshapita lango la chuo alipouona ukingo wa bustani ya maua. Bustani hiyo ilioshwa pamoja na mashamba. Yeye mwenyewe alisimama pale siku hizo za kuosha akamwona mtunza bustani akiifurisha maji mara tatu. Sasa jua la masika na upepo vilikuwa vimepita juu yake, na udongo wote ulikuwa umetoa ukungu mweupe, kama unga uliopeperushwa kwenye ungo. Chumvi ilikuwa imerudi. Ilikuwa imekaa juu kabisa, wazi, bila aibu.

Vilasini alichuchumaa na sari yake na koti lake. Alichota udongo kwa kifuniko cha chombo cha chakula cha mchana. Aliposimama, mpango wa somo ulikuwa umeshamtoka akilini. Angewezaje kuzungumza juu ya bei za mabomba, na jambo lenyewe limelala mlangoni linangoja kuulizwa?

Kamati walikuwa wameketi nyuma, Bwana Matniyoz katikati, Oyjamol pembeni, buli la chai ya rangi na kisahani cha sukari mbele yao. Wanafunzi walisimama, wakaketi. Nguo zao zilipigwa pasi, na Bekposha alikuwa na macho ya mtu anayekwenda vitani.

"Leo," alisema Vilasini, "tunaiacha mifereji. Tutatazama hiki."

Akainua kifuniko chenye udongo. Rangi ilimtoka Bekposha usoni kama maji yanavyotoka kwenye sinia. Alimtazama mwenzake, mwenzake akamtazama wa pili yake, habari ikasafiri safu hadi safu bila mdomo kufunguka.

Vilasini akapitisha udongo, akawaambia watazame, waguse, anayetaka aonje. Mkono ukapanda.

Alikaribia kuangusha chaki. Mkono! Tangu Septemba!

"Ndiyo, Bekposha, mwanangu!"

Bekposha akasimama, akavuta pumzi. "Mwalimu, mfereji uwe na kina gani?"

Vilasini akatazama udongo, akamtazama msichana. "Swali zuri. Tutalifikia. Kwa huu udongo kwanza..."

Mkono wa pili. "Mwalimu, bomba la udongo wa kuchoma na bomba la plastiki, lipi linadumu zaidi?"

Mkono wa tatu, wa kijana aliyekuwa ameshika udongo wenyewe, akautazama kwa hofu, akasema bila kupumua: "Mwalimu-tafadhali-tuelezee-gharama-za-kusafisha-mifereji."

Kwenye safu ya nyuma mtu alikohoa. Oyjamol aliangalia dari kama anayehesabu nyufa. Hapo Vilasini akaelewa: minong'ono ya ngazini, mwiko wa Bekposha, sufuria. Hasira ilimpanda, akaihisi shingoni chini ya skafu. Kisha akawatazama vizuri. Walikuwa wamekaa wima, wanatoka jasho, watoto hawa ambao kumuuliza mwalimu kwao ni kama kumvua kilemba mbele za watu; na wamekwenda jikoni, kwa lugha isiyo yao, wakajizoeza kufanya hilo hasa, kwa ajili yake. Hasira ilishuka ilikotoka.

"Nani aliyewafundisha maswali haya?" aliuliza taratibu.

Bekposha akasimama tena.

"Sisi wenyewe, Mwalimu. Dada Oyjamol hajui. Nilikusikia siku ile. Tulitaka ubaki."

Jambo lilikuwa limetoka. Lile ambalo kila mtu katika chumba kile aliwahi kulifanya, na hakuna aliyewahi kulitamka mbele ya kamati, lilikuwa limesimama katikati ya darasa. Bwana Matniyoz aliweka kibakuli chake cha chai chini bila kutoa sauti. Vilasini aliliona joho likitoka kabatini, likikung'utwa vumbi.

Haya, basi, aliwaza. Kama ni siku yangu ya mwisho, iwe yangu.

"Keti, binti yangu. Maswali yenu yote nimeyapokea, nitayaweka." Akavuta kiti, akaketi mbele yao, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Sasa naomba moja ambalo hamkuliandaa. Baya kabisa. La kipumbavu. Ukiniuliza nitajua kwamba sikueleza vizuri, na ni kweli sikueleza, maana hata sijaanza. Nangoja."

Akangoja. Zamani asingeweza, zamani kimya kikizidi pumzi mbili alikijaza mwenyewe kwa maneno. Lakini mtoto wa lango la maji anajua kungoja. Maji hayaitwi, yanakuja yenyewe. Kifuniko cha udongo kiliendelea kupita, mkono kwa mkono, mpaka nyuma kabisa. Kikamfikia Otaboy. Otaboy akachovya kidole, akaonja, akakunja uso kama siku ile. Kisha akaongea, bila kunyoosha mkono, bila kusimama, kama mtu anayejisemea.

"Lakini hapa palioshwa."

Hakuna aliyesogea.

"Palioshwa," akarudia, na sasa alimtazama Vilasini usoni. "Baba anaosha shamba kila mwaka, Mwalimu. Babu aliosha. Tunaosha na kila mwaka inarudi. Sasa tunaosha nini?"

Vilasini alihisi macho yake yanajaa, akainuka upesi ili yasionekane. Alitembea mpaka safu ya nyuma, mpaka kwa kamati.

"Samahani, Bwana Mkuu. Naazima chai."

"Chai?" alisema Bwana Matniyoz.

Tayari Vilasini alikuwa amechukua buli na kibonge cha sukari. Akarudi mbele, akaiondoa glasi ya maji kwenye kisahani chake, akamimina chai kidogo pale, akasimamisha kibonge katikati. "Njooni. Wote, njooni, mtaona nini mmekaa huko?" Viti vikakwaruza. Wakamzunguka, na chai ikaanza kupanda. Ilipanda ndani ya sukari nyeupe, kahawia, bila haraka, bila mtu kuisukuma, ikafika juu.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Chini ya shamba la baba yako kuna chai."

Wakacheka, kisha wakaacha kucheka wakaanza kusema, wote pamoja. Nani anayeivuta? Jua? Na upepo? Basi maji ya kuoshea yanakwenda wapi? Yanashuka chini! Halafu? Halafu yanakuwa chai! Kwa hiyo tukiosha sana tunaongeza chai? Walibishana kwa Kiingereza, kikaisha, wakaendelea kwa Kiuzbeki, wakamsukuma Otaboy, wakamvuta Vilasini pindo la sari. Sukari ikayeyuka ikaanguka. Mmoja akakimbilia nyuma kuchukua nyingine, akamwinamia mkuu wa idara na kuchukua tatu.

Bekposha peke yake alikuwa amenyamaza. Alikuwa ameinamia kisahani, nyusi zimekutana kabisa. Akainua kichwa pole pole.

"Mwalimu," alisema. "Mfereji uwe na kina gani?"

Darasa likaangua kicheko. Maneno yaleyale! Lakini yeye hakucheka, na mmoja baada ya mwingine wakaona kwa nini, kicheko kikazimika, wakageuka kumtazama Vilasini. Safari hii walitaka kujua.

"Mpaka mguu wa sukari usiguse chai," Vilasini alisema kwa sauti ndogo. "Na ni kina gani hicho, hapa kwenu, sijui. Bustani ile ipo pale nje. Tutachimba tuone."

Kengele ililia. Hakuna aliyekwenda popote. Kutoka nyuma ikasikika sauti ya taratibu, sauti ya mtu mnene anayeinuka kitini.

"Mimi nina mzabibu," alisema Bwana Matniyoz.

Wote wakageuka.

"Uko uani kwangu. Kila kiangazi majani yanaungua pembeni, kama yaliyopitiwa na moto. Mke wangu anasema ni ubahili wangu wa maji, namwagilia kidogo. Namwagilia zaidi, unaungua zaidi. Sasa, Mwalimu, mke wangu na hiyo sukari yako, nani mwenye haki?"

"Huo mzabibu nimeuonja, Bwana Mkuu?"

"Hujauonja."

"Basi sijui. Nitamjibu mkeo nikiuonja."

Oyjamol ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko chake kikashuka ngazi zote mpaka chini.

*

Kamati walikaa chumba cha walimu, mlango umefungwa, Vilasini akingoja kwenye ukumbi na koti mapajani. Alipoitwa, Bwana Matniyoz alikuwa amekunja uso rasmi.

"Mpango wa somo haukufuatwa hata kidogo. Wanafunzi waliondoka kwenye viti vyao. Kamati ilinyang'anywa sukari. Na kiranja wa darasa amesema mbele ya watu jambo ambalo katika idara hii halisemwi."

"Ndiyo, Bwana Mkuu."

"Nimekaa kwenye masomo ya wazi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Sijawahi kuuliza swali. Majibu yote nilikuwa nayajua, yalikuwa yamepangwa." Akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Leo nimeuliza, na hukunijibu. Mzabibu hauonjwi kwa kiangazi kimoja. Miaka mitatu inatosha?"

Vilasini akalikumbatia koti lake. "Inaweza kutosha," alisema, "kama mkeo atakuwa mvumilivu."

"Hana huo uvumilivu. Joho litabaki kabatini, litaliwa na nondo. Hasara kwa chuo." Na hapo akatabasamu. "Njoo Jumapili. Tutakula barak, vifuko vya unga vyenye mayai ndani, kisha uonje udongo. Au uanze na udongo, ukipenda."

Alimpigia Divakaran kutoka pale pale kwenye ngazi. Divakaran alisikiliza mpaka mwisho, vyura wakiwa nyuma yake.

"Miaka mitatu! Na kiti changu?"

"Kilete huku. Njoo nacho baridi ijayo ikiisha, nikuonyeshe chumvi inayotoka chini."

"Na kamba nimwachie nani?"

"Waambie wamehitimu."

Juma lililofuata aliingia darasani, wakasimama wote kwa pamoja, wakaketi kwa pamoja. Nje ya dirisha, katikati ya bustani ya maua, shimo lilikuwa limeshachimbwa, na mtunza bustani amesimama ukingoni mikono kiunoni, akinung'unika juu ya maua yake. Vilasini alikuwa hajafika mezani. Bado alikuwa na begi begani na skafu shingoni, na mikono ilikuwa imeshapanda, michache, na mmoja wa nyuma kabisa haukunyooka vizuri, ulikuwa kama unaokuna kichwa.

"Otaboy?"

"Mwalimu," alisema Otaboy, akiiva uso mpaka masikio, "siku ile hukueleza vizuri."

Vilasini akaweka begi chini, akafungua skafu, akaketi mbele yao akicheka.

"Haya," alisema. "Wapi?"